Maswali ya wasomaji: Kidole kilisomwa Ugiriki, kesi iko Ujerumani

Salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Mwezi huu maswali ya mirathi na viwanja nimeyaweka pembeni kwanza, maana simu yangu imejaa jambo moja tu, alama za vidole za ndugu zetu wanaoomba hifadhi Ulaya. Kwa mliojiunga nasi karibuni, mimi kabla sijarudi nyumbani nilikaa miaka tisa huko nikifanya ukalimani wa Kiswahili kwenye intavyuu za waomba hifadhi, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho nikiwa nimekaa kiti cha pembeni kati ya afisa na mtu wetu. Mengine nimeyasoma kwenye kanuni zenyewe kabla ya kuwajibu.

Assalaam aleykum kaka. Mwanangu alizamia meli akafika Ugiriki, akaomba ukimbizi huko, akakaa kama mwaka hajajibiwa akaondoka kwa njia zake mpaka Ujerumani. Alivyofika akaomba upya, habari za Ugiriki hakusema maana wenzie walimwambia ukisema tu umekwisha, na jina akabadilisha. Sasa wamempa barua kwamba anarudishwa Ugiriki. Wamejuaje? Na dada yake mkubwa yuko hukohuko Ujerumani ana karatasi zake, hawezi kumdhamini? Nimekutumia picha za barua. Mama wa Makorora.

Waaleykum salaam dada yangu. Picha nimezipokea, nimeikuza ya kwanza mpaka herufi zikaanza kuvunjika na jibu la swali lako la kwanza nimelikuta katikati ya ukurasa, kuna mahali pameandikwa GR1 halafu zinafuata tarakimu nyingi. Hiyo ndo imesema kila kitu. GR ni Ugiriki, na ile 1 maana yake ni mtu aliyeomba hifadhi. Ingekuwa 2 ingemaanisha alikamatwa akivuka mpaka bila kibali, na 3 ni aliyekutwa ndani ya nchi hana karatasi. Mwanao alipoweka vidole Ugiriki vilikwenda kwenye mtambo mmoja wa kompyuta unaoitwa Eurodac, unaotumiwa na nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Uswisi, Iceland na Liechtenstein, ulianza kazi tarehe 15 Januari 2003. Alipoweka vidole Ujerumani mtambo ukalinganisha, ukajibu huyu tunaye. Jina halikuhusika hata kidogo, maana kwa kanuni aliyoingilia yeye mtambo wenyewe haukuwa unatunza jina, unatunza alama kumi za vidole, jinsia, mahali na tarehe alipoomba, na ile namba. Majina nchi zinaulizana zenyewe baadaye kwa njia nyingine. Kwa hiyo kubadilisha jina hakukumsaidia kitu, kumemharibia tu, sasa ana majina mawili kwenye mafaili mawili na yule afisa ameshaanza kujiuliza na mengine yapi si kweli.

Hapo nataka wote mnisikilize, maana nimekaa kwenye vile vyumba nikaona watu wenye kesi nzito za kweli, mtu kapigwa, ana makovu, anakosa kuaminiwa kwa sababu ya uongo mdogo wa safari aliofundishwa na wenzie kambini. Kidole kusomwa mahali pengine SIYO kukataliwa hifadhi. Mtambo haujui kama unateswa kwenu au huteswi, hauna habari hiyo. Kazi yake ni kusaidia kujibu swali moja, nchi gani ndo inawajibika kusikiliza ombi lako. Hilo lilianza na mkataba uliosainiwa Dublin mwaka 1990, ndo maana mpaka leo watu wetu wanasema "nimepigwa Dublin", na barua ya mwanao imetaja kanuni namba 604 ya mwaka 2013, hiyo ndo Dublin ya tatu. Angesema siku ya kwanza "nilipitia Ugiriki, niliomba, haya na haya yalinipata", angekuwa na nafasi ya kueleza kwanini asirudishwe. Sasa inabidi ayaeleze akiwa tayari ameonekana alificha.

Ila hajachelewa, na hapa ndo penye kazi. Kwa kanuni hiyo ya 604, vidole vikishajibu, Ujerumani ina miezi miwili ya kuiandikia Ugiriki kwamba mchukueni mtu wenu. Ugiriki ina wiki mbili za kujibu na ikinyamaza inahesabiwa imekubali. Kuanzia hapo Ujerumani ina miezi sita ya kumsafirisha, wakishindwa mzigo unakuwa wao. Najua kuna watu watamwambia basi ajifiche hiyo miezi sita ipite, dada nakuomba mpigie leo umwambie asithubutu, maana mtu akitoroka ile sita inakuwa kumi na nane, na anakosa malazi, anakosa daktari, halafu akikamatwa anaonekana mkorofi. Cha kufanya ni wakili au shirika la msaada wa kisheria, haraka, kwa sababu muda wa kukata rufaa kwenye hizi kesi ni mfupi mno, unahesabiwa kwa siku na wiki wala siyo miezi.

Na rufaa ina uzito. Tarehe 21 Januari 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg iliamua kesi ya Muafghani mmoja aliyepitia Ugiriki akaombea Ubelgiji, Ubelgiji wakamrudisha Ugiriki kwa hiyohiyo hesabu ya vidole, akaishia kizuizini kisha kulala nje. Mahakama ikasema Ugiriki imekosea na Ubelgiji nayo imekosea kwa kumpeleka ikijua hali ilivyo. Kwa hiyo siyo kwamba mashine ikishasema basi, nchi inawajibika kuangalia unampeleka mtu wapi. Kama mwanao alilala bustanini, alikosa matibabu, alipigwa, aandike kila kitu kwa tarehe na mahali, kama ana picha azitafute, kama kuna daktari alimtibu atafute ile karatasi.

Kuhusu dada yake, samahani jibu halitakufurahisha. Kwetu sisi dada mkubwa ni mama wa pili, lakini kwa kanuni hiyo familia ni mume, mke na watoto wadogo, kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawahesabiki hivihivi tu. Kuna mlango mdogo, kama mmoja anamtegemea mwenzie kwa ugonjwa mkubwa, ulemavu, uzee, mimba au mtoto mchanga, na mwenye kutunza yupo kihalali, na wote wawili wameandika kwamba wanataka kuwa pamoja, hapo kaka na dada wanaingia. Zaidi ya hapo nchi yenyewe inaruhusiwa kuamua kwa hiari yake isikilize ombi hata kama halikuwa lake. Kwa hiyo kama dada mtu anaumwa, au ana kichanga na hana msaada, semeni na leteni vyeti.

Picha ya ukurasa wa pili imekatwa chini dada, nitakurudia mwishoni.

Shikamoo mjomba. Mi niko Pongwe, nimefanya kazi ya mkonge tangu nina miaka kumi na tisa, nilipoenda kusajili laini kwa kidole mashine ilinikataa mpaka yule dada akachoka. Sasa rafiki yangu yuko Italia anasema vidole vikiharibika mashine haisomi na wapo wanaochoma makusudi. Ni kweli mtu anaweza kupita hivo?

Marahaba mwanangu. Vidole vya mkonge navijua, marehemu baba yangu mwenyewe alikuwa mkata mkonge, ukimshika mkono ni kama umeshika gome la mnazi. Kwanza kwako wewe, siku ukienda tena NIDA au kwenye laini usiende umetoka shamba, lala umepaka mafuta ya nazi siku mbili tatu, nawa maji ya uvuguvugu, kausha, halafu bonyeza bila kukandamiza sana. Mistari ipo, imesagika juu tu.

Sasa kuchoma. Mwanangu, nilikaa na kijana mmoja, nchi sitaitaja, alichoma ncha zote kumi kwenye sahani ya jiko la umeme. Afisa alimfuta vidole kwa kitambaa chenye maji, akavishika kimoja kimoja akavizungusha juu ya kioo kutoka upande huu wa kucha mpaka ule, kisha vinne kwa pamoja, skana ikawa inatoa weupe tu. Afisa hakugomba. Aliandika, akampa tarehe nyingine. Yule kijana alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai, nilimshikia mimi. Aliporudi ngozi imeota mpya na imeota na mistari ileile, maana ile ramani ya kidole iko chini, ngozi ya juu ikibanduka inarudi ilivyokuwa. Aliyechoma mpaka ndani kabisa anabaki na kovu, na kovu lenyewe linakuwa alama yake hakuna mwingine duniani mwenye nalo. Kanuni ya Eurodac ya 2013 ilishalifikiria hilo, ilisema alama zitumwe ndani ya saa 72 baada ya mtu kuomba, na kama vidole vimeharibika zichukuliwe tena na zitumwe ndani ya saa 48 tangu zilipochukuliwa zikatoka vizuri. Anayekataa kabisa kesi yake inaweza kutupwa kwenye njia ya haraka, ambayo ni mbaya kwa mwenye kesi ya kweli kwa sababu hapati muda wa kukusanya ushahidi. Mwambie rafiki yako yale maumivu ni ya bure.

Mjomba, mdogo wangu ameomba hifadhi na mzee nyumbani halali, anaogopa zile alama zitaletwa ubalozini na huku serikalini waje kutuuliza sisi. Wanapeana na nchi zetu? Binti wa Chumbageni.

Mwambie mzee alale. Kanuni ya 2013 ilikataza taarifa za Eurodac kupewa nchi yoyote ya nje ya ule umoja wao, shirika la kimataifa au kampuni binafsi. Na sheria zao za hifadhi zinakataza maafisa kwenda kumuuliza yule yule unayesema anakutesa, wala kumjulisha kwamba umeomba.

Kuna mabadiliko lakini, na ningekuwa nakudanganya nisipoyasema. Kanuni mpya, namba 1358 ya mwaka 2024, ilipitishwa Mei 2024 na tarehe yake ya kuanza kutumika ni 12 Juni 2026. Hii imeongeza vitu vingi kwenye ule mtambo, kwa kanuni hii wanatunza na picha ya uso, majina, tarehe ya kuzaliwa, uraia na nakala ya pasipoti kama ipo. Na imefungua mlango kwamba mtu anayerudishwa kwao, nchi yake inaweza kupewa taarifa za kumtambua ili apewe hati ya safari, kwa masharti. Hata hapo, kusema kwamba fulani aliomba hifadhi imebaki marufuku. Aliyekataliwa mpaka mwisho anaweza kweli kupelekwa mbele ya watu wa ubalozi wamtambue ni Mtanzania au siyo, hilo lilikuwepo tangu zamani, lakini faili lake la maelezo haliendi nalo.

Hili la kufungua mlango mimi halinifurahishi. Unampa mtu neno lako kwamba vidole vyake ni kwa kujua nchi ipi imsikilize, miaka inapita unaongeza matumizi, kwanza polisi, sasa safari za kurudishwa. Polisi waliingizwa kwa kanuni ya 2013, wanaruhusiwa kutafuta kwa ajili ya ugaidi na makosa makubwa tu. Sawa, ina sababu. Ila mtu aliyekimbia vita hajafanya kosa lolote na alama zake zinapekuliwa kutafutwa mwizi, na raia wa kawaida wa nchi ileile za kwake hazimo humo.

Za leo. Mimi ni mcheza ngoma Bagamoyo, kundi letu lilipata viza ya Ufaransa tukaenda kwenye maonesho, mwenzetu mmoja akabaki, akavuka Ubelgiji akajilipua huko, yaani akaomba hifadhi. Hakuwahi kuomba popote kabla, sasa wanamwambia kesi yake ni ya Ufaransa. Vidole alitoa hapa Dar tu kwa ajili ya viza.

Na ndo hivohivo vidole vya Dar. Kuna mtambo wa pili unaoitwa VIS, ni wa viza za Schengen, ile viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, umeanza 2011, kila mwenye kuomba viza ile kuanzia miaka 12 anaacha alama kumi na picha na zinakaa mpaka miaka mitano, hata ukinyimwa viza zinabaki. Wanaoshughulikia hifadhi wanaruhusiwa kuangalia humo. Na Dublin inasema nchi iliyokupa viza ndiyo inayokusikiliza, kwa hiyo Ubelgiji wamefungua wameona muhuri wa Ufaransa, basi. Mwenzenu akienda Ufaransa asidhani amefungwa, kesi yake inaanza upya kabisa huko na hakuna aliyeikataa bado. Hilo neno kujilipua naomba tulipunguze jamani. Linatumika kwa wanaotunga habari, na likizoeleka hata mwenye shida ya kweli anaonekana mtungaji.

Kaka habari, nina watoto wawili, wa miaka saba na kumi na tano, baba yao anataka tumfuate. Na watoto wanachukuliwa alama?

Kwa kanuni ya zamani ni kuanzia miaka 14. Hiyo mpya ya 2024 imeshusha mpaka miaka 6, wa kwako wote wawili wanaingia. Wanasema ni kusaidia watoto wanaopotea njiani wapatikane, na ni kweli watoto wanapotea. Inataka mtoto achukuliwe na afisa aliyefundishwa kazi ya watoto, na mzazi au mtu mzima wa familia awe naye, na aelezwe kwa lugha ya kitoto. Dai hilo. Wa miaka saba muonyeshe nyumbani kabla, paka wino kwenye kidole chake mgonge kwenye karatasi acheke, asije akaliona jambo hilo mara ya kwanza kwenye chumba cha watu wa sare. Kama baba ana hifadhi tayari hukohuko alipo, jambo la kwanza kusema mkiulizwa ni hilo, kabla ya jambo lolote, na mbebe vyeti vya kuzaliwa na hati ya ndoa.

Uingereza je?

Uingereza imetoka. Tangu mwanzo wa 2021 haiangalii tena Eurodac wala Dublin haiwahusu. Msije mkadhani hawachukui vidole, wanachukua vya kwao, na wana mapatano ya kulinganisha na Marekani, Kanada, Australia na New Zealand.

Mjomba shikamoo, mashine ikikosea? Na hizo alama zinafutwa lini?

Marahaba. Kwa kanuni ya 2013 mashine ikisema imempata mtu lazima mtaalamu wa alama za vidole, binadamu, aangalie mwenyewe kuthibitisha. Ukiona wewe siye, sema na andika uombe uhakiki. Una haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yako, kurekebishiwa kilichokosewa na kufutiwa kilichowekwa kinyume cha sheria, na kila nchi ina ofisi ya kulinda taarifa binafsi ya kupokea malalamiko, kama ambavyo na sisi tumepata sheria yetu ya taarifa binafsi ya 2022 na tume yake. Muda, aliyeomba hifadhi ni miaka 10. Aliyekamatwa mpakani ilikuwa miezi 18, kanuni mpya imefanya miaka 5. Ukipata uraia wa mojawapo ya nchi hizo zinafutwa.

Haya yote mtu anatakiwa kuelezwa kabla ya kuweka kidole, kwa karatasi ya lugha anayoielewa. Nitawaambia kilichoniuma. Ofisi moja niliyokuwa naitwa, mama mmoja wa kutoka Kongo alipewa kile kijikaratasi kwa Kifaransa kwa sababu tu ametoka Kongo, na yeye Kifaransa hajui, ni mtu wa Fizi anaongea Kibembe na Kiswahili. Akakikunja vizuri akakiweka kwenye mkoba. Miezi minane baadaye ndo nimeitwa mimi, nikamsomea, akaniuliza kwa upole tu, "kumbe nilikuwa na haki ya kusema mume wangu yuko Sweden?" Alikuwa hajaulizwa, na yeye hakujua ni jambo la kusema. Ndugu zangu, karatasi ya lugha usiyoijua usiikunje, irudishe mezani ukaombe ya Kiswahili au mkalimani. Ni haki, haina malipo.

Naomba kuuliza kwa nini gazeti linapoteza kurasa kwa wazamiaji wakati hapa Tanga tuna shida zetu. Msomaji wa Raskazone.

Ndugu yangu, hao ni watoto wa mitaa hii, mama zao ndo wanaoniandikia. Na ukimbizi haupo Ulaya tu. Chogo kule Handeni, mkoa wetu huu, wako Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani Somalia karne ya kumi na tisa, vita ya 1991 ikawarudisha huku wakiwa wakimbizi, na bado wanaongea Kizigua. Walipokelewa, wakapewa ardhi, baadaye uraia. Kuna mtu alikaa akawasikiliza, akaandika majina yao sawasawa. Ndicho ninachowatakia na wa kwetu walioko huko.

Mama wa Makorora, sasa ule ukurasa wa pili. Chini kabisa, baada ya sahihi, kuna muhuri na nusu ya tarehe, naona 1 halafu kidole gumba cha mwanao kimefunika iliyobaki. Hiyo ndo tarehe ya kuhesabia rufaa. Mwambie aiweke karatasi mezani, aondoe mkono, apige picha pembe zote nne zionekane, na bahasha iliyokuja nayo apige pande zote mbili kwa sababu siku ya kupokea huwa inaandikwa juu yake. Itume hata usiku, nitaifungua.